Leseni ya Bastola Haikupi Ruhusa ya Kuua: Sheria za Kujihami Zinavyopishana Nchi kwa Nchi

Swali huulizwa hivi: "Nikimkuta mwizi sebuleni saa nane usiku, na bastola ninayo kihalali, naruhusiwa kumpiga risasi?" Huulizwa vijiweni, huulizwa kwenye magrupu ya WhatsApp, na wakili yeyote atakuambia ameshaulizwa hata msibani. Majibu huja kwa kujiamini kwelikweli. Mmoja atasema mtu akikuingilia nyumbani kwako huna kesi. Mwingine atasema ukiua umeua, jiandae kunyongwa. Wa tatu ana shemeji yake Texas, basi anazimwaga sheria za Texas pale Tabata kana kwamba zimepitishwa Dodoma.

Wote watatu wameshika kipande cha ukweli, ila kila mmoja ameshika cha nchi yake. Swali lile moja limebeba maswali manne: nani anaruhusiwa kuwa na silaha, wapi anaruhusiwa kutembea nayo, lini anaruhusiwa kutumia nguvu ya kuua, na mambo yakifika mahakamani, nani anapaswa kuthibitisha nini. Leseni ya udereva haikupi ruhusa ya kumgonga anayevuka barabara, na leseni ya silaha ndivyo ilivyo: inajibu swali la kwanza tu, pengine na la pili. Watu wengi wanaoishia pabaya ni wale waliodhani jibu la kwanza ndilo jibu la yote.

Kwamba maswali haya hayafuatani huonekana wazi ukiziweka Ujerumani na Uswisi pamoja. Ujerumani, raia wa kawaida akienda kuomba kibali cha silaha kwa sababu anaogopa wezi, atarudi mikono mitupu. Sheria inamtaka aonyeshe uhitaji, na kujihami hakuhesabiki kuwa uhitaji mpaka athibitishe kwamba maisha yake yako hatarini kuliko ya watu wengine, jambo ambalo ni wachache mno huliweza. Lakini fungua kifungu cha 32 cha Kanuni ya Adhabu ya nchi hiyohiyo na utakuta mojawapo ya sheria za kujihami zilizo pana kabisa barani Ulaya. Msingi wake ni kwamba haki haina sababu ya kuipisha dhuluma. Anayeshambuliwa halazimiki kukimbia, na kwa kawaida hatakiwi hata kupima kama mali anayoitetea ina thamani kuliko mwili wa anayeichukua. Anachotakiwa ni kutumia njia iliyo nyepesi zaidi kati ya zile zinazoweza kulizima shambulio. Majaji wameweka mpaka pale uwiano unapokuwa kichekesho, na mfano wa darasani ni wa watoto wanaoiba matunda mtini: hao huwapigi risasi. Kisha kipo kifungu cha 33, kinachosema aliyevuka kipimo kwa sababu ya kuchanganyikiwa, woga au mshtuko haadhibiwi.

Uswisi ni kinyume chake. Huko bunduki ziko majumbani kwa wingi, kwa kuwa jeshi lao ni la raia na askari wa akiba anaweza kukaa na bunduki yake nyumbani (risasi zake zilianza kurudishwa kwenye maghala ya jeshi kuanzia 2007). Lakini kutembea na silaha barabarani kunahitaji kibali kingine ambacho ni kigumu kupata, na sheria ya kujihami inadai nguvu inayolingana na hali. Basi nchi moja bunduki ni chache na haki ya kujihami ni pana, na jirani yake bunduki ni nyingi na haki hiyo imepimwa. Ukijua sheria ya bunduki ya nchi, bado hujajua sheria yake ya kujihami.

Sasa turudi sebuleni. Tanzania Bara, jibu liko kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18 hadi 18C. Vifungu hivi viliandikwa upya mwaka 1980, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa sehemu zilizo wazi kabisa za sheria yetu ya jinai, ingawa ni wachache waliowahi kuzisoma. Kifungu cha 18A kinampa kila mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kutetea mali. Cha 18B kinaweka kipimo: nguvu ya kiasi, ile inayohitajika kwa utetezi huo na si zaidi. Cha 18C ndicho kinachogusa swali la mwizi, maana kinataja mazingira ambamo haki hiyo inafika hadi kusababisha kifo: shambulio linalomfanya mtu awe na sababu ya kuamini atakufa au atajeruhiwa vibaya, jaribio la kubaka, la kuteka nyara, uvunjaji wa nyumba usiku, unyang'anyi, uchomaji moto, na makosa mengine yanayohatarisha uhai au mali.

Hapo ndipo msomaji wa haraka hufunga kitabu na kusema, "Kumbe naruhusiwa!" Subiri kidogo. Kifungu hichohicho kinataka mtu awe ametenda kwa nia njema, na awe ameamini kwa dhati, kwa sababu za maana, kwamba kitendo chake kilikuwa cha lazima. Maneno "kwa sababu za maana" yana uzito kuliko yanavyoonekana. Mahakama haitaishia kuuliza ulikuwa unawaza nini. Itauliza pia kama mtu mwenye akili timamu, akiwa amesimama pale uliposimama wewe, gizani, na aliyoyaona wewe, angewaza hivyohivyo. Mwizi alikuwa na panga au alikuwa na televisheni mikononi? Alikuwa anakuja kwako au anaelekea dirishani? Risasi imeingilia kifuani au mgongoni? Daktari wa serikali akishaandika kwamba jeraha liko mgongoni, maelezo yako kwamba alikuwa anakushambulia yanaanza safari ngumu.

Ukizidisha, kifungu cha 18B(3) kinakusubiri: anayesababisha kifo kwa kutumia nguvu kupita kiasi katika kujihami ana hatia ya kuua bila kukusudia. Hili si dogo. Kwa Tanzania, kuua kwa kukusudia hakumwachii jaji nafasi ya kuchagua, adhabu yake ni kifo. Kuua bila kukusudia kunaweza kufika kifungo cha maisha, lakini jaji ana uhuru wa kutoa adhabu ndogo zaidi. Yaani sheria imejenga ngazi ya katikati kati ya kuachiwa huru na kitanzi, nayo imeandikwa wazi. Si kila nchi iliyo nayo, kama tutakavyoona.

Kuna jambo moja ambalo linatuhusu sisi zaidi kuliko Wajerumani. Mwizi akishakamatwa, akishafungwa kamba, akishalala chini amezungukwa na watu ishirini, hakuna tena anayejihami. Mtu wa kawaida ana haki ya kumkamata mhalifu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu, na Kenya nako ipo ruhusa ya namna hiyo. Haki hiyo inaishia kwenye kumkabidhi polisi. Teke la kwanza baada ya kamba ni kosa la jinai, na tairi ni mauaji. Watu hulichanganya jambo hili kwa sababu hasira ya saa ile inafanana sana na hofu ya dakika kumi zilizopita, na kila aliyerusha jiwe atakwambia alikuwa anatetea mtaa.

Zanzibar ina sheria yake ya adhabu, tofauti na ya Bara, kwa hiyo hata ndani ya Jamhuri moja, kivuko cha saa mbili kinakutoa kwenye kitabu kimoja na kukuingiza kwenye kingine. Nayo silaha yenyewe ina sheria yake: Bara ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, ambayo inalitazama suala la kumiliki kama ruhusa inayotolewa na dola baada ya kukuchunguza, ruhusa inayoweza kuondolewa. Gobori la babu lililobaki darini bila karatasi linaweza kukufunga hata kama hujawahi kulifyatua, na hata kama siku uliyolifyatua ulikuwa na haki zote za kujihami. Hizo ni kesi mbili, na unaweza kushinda moja ukapoteza nyingine usiku uleule.

Vuka Namanga, kitabu kinabadilika kabisa. Kenya haikuandika orodha kama ya 18C. Kifungu cha 17 cha sheria yake ya adhabu kinasema, kwa ufupi, kwamba suala la nguvu katika kujitetea na kutetea mali litaamuliwa kwa misingi ya komon-loo ya Kiingereza, yaani kanuni zilizojengwa na majaji kesi baada ya kesi. Ndiyo maana jaji wa Nakuru au Mombasa akiandika hukumu ya kujihami mwaka huu, huenda akaanza na kesi iliyotoka Jamaika. Ni kesi ya Palmer ya 1971, iliyoamuliwa na Baraza la Privy jijini London, ambalo lilikuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza. Humo yamo maneno ambayo mawakili wa Nairobi wanayajua kwa moyo: kwamba mtu anayejitetea hawezi kupima kwa usahihi wa mizani kiasi hasa cha nguvu anachohitaji.

Kuhusu ngazi ya katikati, kesi ya Palmer ilikuwa kali: ama umejihami na unaachiwa huru, ama hukujihami na una hatia. Mahakama za Afrika Mashariki hazikulimeza hilo lote. Msimamo wa Mahakama ya Rufaa ya Kenya umekuwa kwamba hakuna kanuni kuwa nguvu iliyozidi daima itashusha mauaji kuwa kuua bila kukusudia, lakini zipo kesi ambazo matokeo hayo ndiyo yanayostahili. Linganisha na Tanzania, ambako kifungu kinatamka moja kwa moja. Mtu wa Tarime na mtu wa Migori, walioua kwa mazingira yanayofanana umbali wa kilomita chache, wanaingia mahakamani na karata tofauti mkononi.

Hapa pana mtego mwingine. Mwaka 2013 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria inayompa mwenye nyumba unafuu: akimkabili mvamizi ndani ya makazi, nguvu aliyotumia inaweza kuwa halali hata kama haikulingana na tishio, mradi isiwe imevuka mipaka kwa namna ya kupindukia. Habari hiyo ilivuma, na wapo walioichukulia kuwa imefika Kenya kwa mkondo wa kifungu cha 17. Haijafika. Kifungu cha 17 kinaagiza komon-loo, si sheria za Bunge la Uingereza, na ule unafuu ni sheria ya Bunge. Mkenya amebaki na kanuni za majaji wakati Waingereza wenyewe wameshahamia kwenye maandishi.

Kwa upande wa silaha, Kenya inafanana na Tanzania kwa roho: Bodi ya Leseni za Silaha inatoa cheti kwa hiari yake, haiuzi haki. Mwishoni mwa 2018 serikali iliwataka wenye leseni wote wahakikiwe upya, na aliyeshindwa kujieleza alirudisha. Leseni ya Dar es Salaam haina maana yoyote Nairobi, na ya Nairobi haina maana Dar. Mfanyabiashara anayezoea kusafiri na bastola yake kwenye gari asidhani Jumuiya ya Afrika Mashariki imeziunganisha bastola kama ilivyounganisha ushuru wa forodha.

Uingereza yenyewe ndiko ilikotokea kesi ambayo wazungumzaji wa sheria hizi huirudia. Agosti 1999, mkulima aitwaye Tony Martin, aliyeishi peke yake kwenye nyumba chakavu katika kaunti ya Norfolk, aliwafyatulia shotigani watu wawili walioingia kuiba usiku. Mmoja, kijana wa miaka 16, alikufa kwa risasi ya mgongoni. Silaha yenyewe Martin hakuwa na leseni nayo. Juri, yaani jopo la raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, ilimtia hatiani kwa mauaji mwaka 2000. Mwaka uliofuata rufaa ilishusha kosa kuwa kuua bila kukusudia, na akatoka gerezani 2003. Watu wengi wanakumbuka kwamba rufaa "ilikubali alijihami". Haikukubali. Ilikubali kwamba hali yake ya akili ilipunguza uwajibikaji wake. Hoja ya kujihami ilianguka mara zote mbili. Kelele za umma baada ya kesi ile zilichangia kuzaliwa kwa sheria ya 2013, ingawa hata chini ya sheria hiyo mpya, risasi ya mgongoni na shotigani isiyo na leseni vingempa wakili wake usingizi wa mang'amung'amu.

Na bastola? Baada ya mauaji ya watoto 16 na mwalimu wao katika shule ya Dunblane, Scotland, Machi 1996, Uingereza ilizipiga marufuku karibu bastola zote za raia kwa sheria mbili za 1997. Isipokuwa Ireland ya Kaskazini. Huko, kwa historia yake ya machafuko, mtu anayethibitisha kwamba maisha yake yanatishiwa bado anaweza kupewa bastola ya kujilinda. Scotland nayo inadai leseni hata kwa bunduki za hewa tangu mwisho wa 2016, kitu ambacho England hakihitajiki kwa bunduki za kawaida za aina hiyo, na sheria yake ya kujihami inamtaka mtu atumie njia ya kutorokea kama anayo. Huo ni ufalme mmoja, mfalme mmoja, pasipoti moja.

Afrika Kusini ni mahali pekee barani kwetu ambapo ningesema maswali yote manne yanajadiliwa hadharani kwa sauti kubwa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 2000 ina kifungu maalumu, cha 13, cha leseni ya kujihami: silaha moja, bastola au shotigani, kwa mtu aliyetimiza miaka 21, mwenye cheti cha umahiri, ambaye ataonyesha anaihitaji na kwamba hawezi kujilinda ipasavyo kwa njia nyingine. Hudumu miaka 5, kisha unaomba upya. Mwaka 2021 serikali ilitoa rasimu iliyotaka kuiondoa kabisa sababu ya kujihami katika orodha ya sababu za kupewa leseni, na umma ukaja juu, jambo lisilomshangaza yeyote aliyewahi kuona kuta na nyaya za umeme za Johannesburg.

Lakini jina linalofundisha zaidi kutoka huko ni Oscar Pistorius. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 2013, mwanariadha huyo, mwenye bastola yenye leseni halali, alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa nyumbani kwake Pretoria. Nyuma ya mlango alikuwa mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Alisema alidhani ni mvamizi. Jaji Thokozile Masipa, mwaka 2014, alimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Desemba 2015 Mahakama ya Juu ya Rufaa ikaibadili kuwa mauaji.

Angalia ilivyofikia hapo, maana ndiyo njia ambayo swali letu la sebuleni lingepita. Mahakama haikusema alijua ni Reeva. Ilisema haijalishi ni nani. Yeyote aliyekuwa ndani ya chumba kile kidogo, mtu anayefyatua risasi nne za bastola kupitia mlango lazima aliona kwamba anaweza kumuua, na akaendelea. Kisha ikauliza: je, aliamini kwa mantiki yoyote kwamba uhai wake uko hatarini? Mlango ulikuwa umefungwa. Hakuna aliyetoka. Hakumwona mtu, hakuona silaha, hakufyatua hata risasi ya onyo. Kelele chooni haikutosha kuwa shambulio. Ukiondoa umaarufu wake na jina la marehemu, unabaki na mwenye nyumba, leseni halali, usiku, na sauti nyuma ya mlango. Novemba 2017 adhabu yake iliongezwa hadi miaka 13 na miezi 5.

Marekani inahitaji nafasi yake, kwa sababu huko ndiko ndugu zetu wengi wameenda, na kwa sababu watu huizungumzia kama nchi moja. Kwa sheria hizi, si nchi moja.

Kitu kimoja ndicho cha nchi nzima: Marekebisho ya Pili ya Katiba, ya 1791. Kwa muda mrefu ilibishaniwa kama yanamlinda mtu binafsi au wanamgambo wa majimbo. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu iliamua ni haki ya mtu binafsi kuwa na bastola nyumbani kwa kujilinda. Kesi ya McDonald ya 2010 ikaifunga haki hiyo kwenye shingo za majimbo yote. Mwaka 2022, kesi ya Bruen ikaitoa nje ya nyumba: New York haikuweza tena kumnyima mtu kibali cha kutembea na bastola kwa sababu tu hakuonyesha sababu ya pekee. Mwaka 2024, kesi ya Rahimi ikaweka breki kidogo, ikikubali kwamba mtu aliyewekewa zuio la mahakama kwa vitisho dhidi ya mwenza wake anaweza kunyang'anywa silaha. Hiyo ndiyo tofauti ya mizizi kati yao na sisi. Kwetu unaiomba serikali ruhusa. Kwao serikali ndiyo inayotakiwa kueleza kwa nini inakunyima.

Hayo ni maswali mawili ya kwanza. La tatu, lini unaweza kuitumia, limeachwa kwa majimbo, na majimbo yamegawanyika kwenye swali la kale: ukiweza kuondoka salama, unalazimika kuondoka? New York inajibu ndiyo, isipokuwa uko ndani ya makazi yako. Florida iliandika mwaka 2005 kwamba huna wajibu wa kurudi nyuma mahali popote ulipo kihalali, na majimbo mengi yakaifuata. Wachambuzi wa mitaani husema ni majimbo ya kihafidhina tu. Si kweli: California, ambayo sheria zake za bunduki ni kati ya zile kali kabisa nchini humo, haijawahi kumlazimisha mtu kukimbia, na maelekezo yanayosomwa kwa juri huko yanasema anayejihami anaweza hata kumfuatia mshambuliaji mpaka hatari iishe. Ni Ujerumani ileile, imehamia pwani ya Pasifiki.

Nyumba ina hadhi ya pekee karibu kila jimbo, kwa kanuni iliyorithiwa kutoka kesi ya Kiingereza ya 1604 iliyosema nyumba ya mtu ni ngome yake. Jaji Oliver Wendell Holmes aliongeza mwaka 1921 sentensi ambayo mawakili wa utetezi hawachoki kuisoma: huwezi kudai tafakuri iliyotulia mbele ya kisu kilichoinuliwa. Texas imekwenda hatua mbele zaidi ya wote. Kifungu cha 9.42 cha sheria yake ya adhabu kinaweza kuhalalisha nguvu ya kuua kuzuia wizi wa usiku, wizi wa kawaida tu, kama mwenye mali anaamini kwa sababu za maana kwamba hataipata tena kwa njia nyingine au kwamba kutumia nguvu ndogo kungemhatarisha vibaya. Huyo ndiye shemeji wa Texas tuliyeanza naye. Hasemi uongo. Anasema ukweli wa Texas.

Ulinzi huo una sura ambayo mgeni anapaswa kuijua. Oktoba 1992, huko Baton Rouge, Louisiana, mwanafunzi wa Kijapani wa miaka 16, Yoshihiro Hattori, alibisha hodi kwenye nyumba isiyo yenyewe akitafuta sherehe ya Halloween. Mwenye nyumba alitoka na bastola kubwa, akampigia kelele asimame. Kijana hakusimama, alikuwa mgeni wa lugha na wa desturi, na aliendelea kusogea. Risasi moja ilitosha. Juri ilimwachia huru mwenye nyumba mwaka 1993. Lakini wazazi wa kijana walifungua kesi ya madai, ambako kipimo cha ushahidi ni chepesi zaidi, na jaji akaamuru walipwe zaidi ya dola 650,000. Kuachiwa huru kwenye jinai hakukuwa mwisho wa habari.

Swali la nne, la nani athibitishe, halipendwi na wapiga soga kwa sababu halina bastola ndani yake, lakini huamua kesi. Katika majimbo yote sasa, ukishaleta ushahidi wa kutosha kwamba ulijihami, ni kazi ya mwendesha mashtaka kuvunja hoja hiyo pasipo shaka ya maana. Ohio ilikuwa ya mwisho kukubali. Hadi 2019, mshtakiwa wa Ohio ndiye aliyebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba alijihami. Matukio mawili yanayofanana, moja Ohio na jingine Indiana upande wa pili wa mpaka, yaliweza kupata hukumu tofauti bila ushahidi hata mmoja kutofautiana.

Kisha kuna mipaka yenyewe. Vibali vya kubeba bastola si kama leseni ya udereva ambayo jimbo moja hulikubalia jingine. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia, mwenye watoto wawili na kibali halali cha Pennsylvania, alivuka daraja kuingia New Jersey. Askari wa barabarani alimsimamisha kwa kosa dogo la uendeshaji. Yeye mwenyewe, kwa heshima, akamwambia askari kwamba ana bastola na kibali chake hiki hapa. New Jersey haikitambui kibali cha Pennsylvania, na kosa hilo lilibeba kifungo cha lazima cha miaka isiyopungua 3. Hakumlenga mtu, hakuitoa. Aliokolewa na msamaha wa gavana mwaka 2015. Ipo sheria ya shirikisho ya 1986 inayomruhusu msafiri kupita na silaha kwenye jimbo kali, lakini ikiwa haina risasi, imefungiwa mahali ambapo hawezi kuifikia, na kama ni halali kule anakotoka na kule anakokwenda.

Na kwa Waswahili walioko huko, swali la kwanza kabisa ni aina ya karatasi uliyoingia nayo. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi, kama ndugu wengi wa Kongo walioko Kentucky au Texas, na mwenye grinikadi, kwa sheria ya shirikisho hawazuiwi kumiliki silaha kwa sababu ya uhamiaji wao. Aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo, ya kazi au ya matembezi, anazuiwa, na kosa hilo lina adhabu inayoweza kufika miaka 15 kabla hata hujafikiria kufukuzwa nchini. Kuzuiwa huko ni pamoja na kuishika bunduki ya kukodi kwenye uwanja wa shabaha, ile picha ya Jumamosi ambayo wanafunzi huipenda kuiweka kwenye Instagramu. Sheria ina vighairi vichache tu, na kimojawapo kinachekesha: mwenye viza ya muda aliye na leseni ya uwindaji iliyotolewa kihalali na jimbo la Marekani haguswi na katazo hilo, hata kama hajawahi kumwinda hata sungura.